Yatima na Mkiwa: Majonzi ya Mtoto katika Riwaya za Kiswahili

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya msiba. Tunayo tanzia, matanga, hitima, rambirambi na buriani. Tunayo huzuni, majonzi, simanzi na jitimai. Hata sarufi yake imeliwekea jambo hili mlango wa pekee. Kutokana na kitenzi -fa hupatikana -fia, na kutokana na -fia hupatikana -fiwa, neno ambalo kiima chake si maiti bali ni yule aliyebaki hai. Husemwa, "Mtoto huyu amefiwa na babaye," na msikilizaji hufahamu papo hapo kwamba kifo kimempata mmoja, lakini pigo limemfikia mwingine.

Hata hivyo, tukichunguza desturi zinazokwenda pamoja na maneno hayo, twaona kwamba karibu zote zimekatwa kwa kipimo cha watu wazima. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi minne na siku kumi. Muda wake wajulikana, mavazi yake yajulikana, na watu hujua namna ya kusema naye. Wanaume huketi matanga na kupokea mikono ya rambirambi. Mtoto hana eda. Aghalabu hupelekwa kwa jirani akacheze na wenziwe, na akiuliza baba yuko wapi huambiwa kwamba amesafiri. Si ukatili, watu hudhani kwamba mtoto asiyeambiwa hataumia. Lakini matokeo yake ni kwamba majonzi ya mtoto hukosa mahali pa kukaa, na jambo lisilo na mahali hukosa pia maneno.

Methali zetu zathibitisha hayo. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi." "Mchelea mwana kulia hulia yeye." "Samaki mkunje angali mbichi." "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Kila moja ina hekima yake, wala sikusudii kuzibeza. Lakini tazama ni nani asemaye. Katika zote asemaye ni mzazi, au jamii kwa niaba ya mzazi; mtoto ndiye anayesemwa. Yule anayelia katika methali ya pili hatuambiwi analilia nini. Tunajua uchungu wa mwana. Uchungu wa mzazi ndani ya kifua cha mwana haukutungiwa methali yenye sifa kama hizo.

Ushairi nao umefuata njia hiyo hiyo. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa na akihisi kwamba siku zake si nyingi, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo ni nguzo ya fasihi yetu. Shaaban Robert naye, katika Maisha Yangu, baada ya kufiwa na mkewe, awaandikia watoto tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Ni zawadi kubwa, na huruma ya baba yaonekana wazi. Lakini katika utenzi wa kwanza binti anakaribia kufiwa, na katika zile mbili watoto wamekwisha kufiwa. Nasi twasikia sauti ya mzazi tu. Mtoto aliye ukingoni mwa msiba apewa wasia. Alilojibu moyoni mwake hatulijui.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo lilipatikana katika riwaya, na hasa katika riwaya tatu zilizotoka katika muda wa miaka 10 hivi: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Nataka kuonyesha pia kwamba neno tulilozoea kulitumia kwa watoto wa namna hii, yaani yatima, halitoshi, na kwamba lugha yetu yenyewe inalo neno linalofaa zaidi.

Yatima ni neno la Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu ni mtoto ambaye baba yake amekufa kabla yeye hajabaleghe. Kiswahili kimelipanua hata likamhusu aliyefiwa na mama, au na wazazi wote wawili. Lakini sharti la kifo limebaki. Bila kaburi hapana yatima. Liko, hata hivyo, neno la kale la Kibantu ambalo halitaki kaburi, nalo ni mkiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumkimbilia. Na ukiwa ni hali yake, kadhalika ni hali ya mahali palipohamwa, penye magofu na magugu. Huenda neno hili limepungua kutumika kwa sababu wingi wake, wakiwa, hufanana na kitenzi, na msomaji wa haraka huupita bila kuutambua. Lakini maana yake haina mbadala. Yatima hufanywa na mauti. Mkiwa aweza kufanywa na mtu aliye hai, aliyeketi sebuleni, anayekula chakula kilichopikwa na mama wa mtoto huyo.

Rosa, Rehema na Maimuna ni wakiwa wa namna hiyo. Baba zao wako hai wakati jeraha linapotiwa, nao ndio watiao.

Tuanze na Rosa Mistika. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, aliiweka riwaya yake ya kwanza katika kijiji hicho hicho. Zakaria ni baba mlevi. Regina, mkewe, ndiye anayeibeba nyumba. Rosa, binti yao mkubwa, apokea barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba aigundua barua hiyo na kumpiga binti kipigo kikali. Mambo mengine yote ya riwaya yatoka hapo. Rosa aenda shule akiwaogopa wanaume. Baadaye woga huo wageuka kinyume chake, naye ajitupa katika maisha ambayo yamemfanya kuwa mmoja wa wahusika waliobishaniwa zaidi katika fasihi yetu. Mwishoni Charles arudi kama mchumba, agundua kwamba Rosa si bikira, amkataa. Na Rosa ajiua.

Wasomaji wengi wameisoma hadithi hii kama onyo kwa wasichana, na wengine waliona kwamba hata onyo lenyewe limezidi uwazi. Ndiyo maana kwa wakati fulani kitabu hiki kilizuiwa kutumika katika shule za Tanzania. Lakini mabishano juu ya matendo ya Rosa yametusahaulisha barua. Kwa msichana wa kijijini barua ni kitu kikubwa: mtu amelitaja jina lake kwenye karatasi, amemhesabu kuwa mtu wa kuandikiwa. Baba, ambaye ndiye angalimpa binti yake hisia hiyo kwanza, aitoa mkononi mwake na kuigeuza ushahidi wa kosa. Hapo ndipo Rosa anapompoteza baba, ingawa baba hajafa. Tena angalia jinsi mtungaji alivyolipanga jambo: mwandishi wa barua na mchumba anayemkataa ni mtu mmoja. Rosa alipigwa kwa ajili ya Charles wakati hakuwa na hatia, na akaachwa na Charles wakati hatia imekwisha kupatikana. Kati ya barua na kukataliwa kuna majonzi ya miaka ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza habari zake.

Mtindo wa Kezilahabi katika riwaya hii ni wa sentensi fupi zisizo na mapambo. Wako wanaouona kuwa mkavu. Mimi naona kwamba ukavu huo wafaa. Mtoto aliyepigwa mbele ya nyumba yake hana sitiari; ana mambo yaliyotokea, moja baada ya jingine. Hata jina la kitabu, lililotoka katika litania ya Bikira Maria, lamweka msichana huyu chini ya sifa ya usafi ambayo hakuna mtoto anayeweza kuibeba, hasa akiwa amebebeshwa na watu ambao wao wenyewe hawakujitwika.

Katika Nyota ya Rehema twahamia Unguja, na jeraha lina asili nyingine. Fuad ni mwenye mali. Mkewe ni Aziza. Mtoto wao Rehema azaliwa na rangi nyeusi kuliko ya wazazi wake, rangi iliyotoka kwa wazee wa nyuma na kujitokeza kwake. Baba aingiwa na shaka, na upendo wake waondoka. Kosa la Rosa, kama ni kosa, lilikuwa kupokea barua. Kosa la Rehema ni ngozi yake. Hakulitenda, wala hawezi kulitubia. Hapa riwaya yagusa jeraha la jamii nzima ya visiwani, ambamo nasaba, rangi na ardhi vilifungamana. Lakini ustadi wa Mohamed Suleiman ni kwamba hatuletei hotuba juu ya ukabila. Atuonyesha mtoto anayetazamwa na baba yake kana kwamba ni mgeni aliyekosea mlango.

Kisha Aziza afariki, na Rehema abaki katika nyumba ya baba chini ya mama wa kambo, Adila. Ni muhimu kuufuata mfuatano huo. Rehema alikuwa mkiwa kabla hajawa yatima. Kifo cha mama hakikuanzisha upweke wake. Kiliondoa kizuizi cha mwisho kati yake na upweke uliokuwapo tangu siku ya kuzaliwa. Katika ngano zetu nyingi mama wa kambo ndiye chanzo cha mateso, na baba hudanganywa au hayupo. Mohamed Suleiman ameichukua ngano hiyo akaipindua: Adila aweza kutesa kwa sababu Fuad alikwisha kufungua njia. Rehema akimbia, na jina lake, lenye maana ya huruma, lazunguka katika riwaya likitafuta mtu wa kulitimiza. Anapatikana Sulubu, mkulima, ambaye jina lake ni la nguvu na kazi ngumu. Wapata utulivu katika kulima, ingawa ugomvi wa ardhi na urithi wamfuata hata huko. Ni kana kwamba mtungaji asema kwamba aliyenyimwa baba hunyimwa pia udongo wa kusimamia, na kwamba moyo wa mtoto na hati ya shamba havikai mbali kama tunavyodhani.

Utengano ndiyo yenye fundo zaidi. Maksuudi ni mtu wa heshima mjini na mtafuta vyeo vya siasa. Nyumbani kwake mkewe Tamima na bintiye Maimuna wanaishi utawani. Bibi Farashuu ana kisasi naye, kwa kuwa Maksuudi alimdhulumu Mwanasururu, bintiye Farashuu. Maksuudi akiwa hayupo, Tamima ashikwa na uchungu wa uzazi. Farashuu aitwa kuzalisha ingawa nyumba hiyo ni haramu kwake. Na mtoto mchanga hakuishi. Maksuudi arudi. Mahali pa rambirambi pashikwa na kipigo na talaka, na Maimuna atoka katika nyumba hiyo, akaishia katika danguro la Mama Jeni, katika ulevi na uimbaji wa baa.

Sijui mahali pengine katika nathari ya Kiswahili panapoonyesha kwa ukali namna hii msiba ulionyimwa maombolezo. Kuna maiti ndani ya nyumba, kuna mama mzazi aliyetoka kujifungua, na kuna msichana anayeyaona yote, lakini hakuna aliyesema, "Tumefiwa." Yaliyosemwa ni talaka na matusi. Maimuna hakupoteza ndugu tu. Alipoteza hata haki ya kuambiwa kwamba amepoteza. Jina la riwaya lapasa kuangaliwa hapa. Halikuitwa Utengo, wala Kutengwa. Utengano latokana na -tengana, kitenzi cha kutendana. Latuambia kwamba ukuta huu umejengwa pande mbili, na kwamba mzazi anayemtenga mtoto amejitenga yeye mwenyewe. Kaka yake Maimuna, Mussa, ni ushahidi. Yeye ni mwanamume, hakufungiwa ndani. Lakini akutana na babaye nyumbani kwa Kazija, mwanamke ambaye wote wawili walikuwa wakimwendea. Binti alinyimwa mlango. Mwana alipewa milango yote, akamkuta baba katika ule usiofaa.

Kuna jambo jingine katika riwaya hii ambalo halimo katika zile mbili kwa uzito huo. Maimuna anakuwa silaha katika ugomvi wa wakubwa. Farashuu ni mama mwenye majonzi ya haki. Lakini majonzi yake, yaliyokosa hakimu, yatafuta malipo, na malipo yanachukuliwa kwa mtoto wa mtu mwingine. Majonzi ya mama wa mmoja yawa ukiwa wa binti wa mwingine. Kwa bahati mtungaji hakuishia hapo. Maimuna arudi kwa Farashuu akiwa amevunjika, atunzwa, na aolewa na Kabi, mjukuu wa bibi huyo huyo. Wako watakaosema kwamba huu ni mwisho wa kutafutwa. Nakubali kwamba mpango wake waonekana sana. Lakini maana yake ni nzito: nyumba iliyotumwa kulipiza ndiyo iliyolazimika kuuguza.

Tukiziweka riwaya hizi tatu pamoja, twaona jambo ambalo kila moja peke yake halionyeshi vizuri. Katika kila nyumba yumo mama mvumilivu: Regina, Aziza, Tamima. Uvumilivu wa mke ni sifa iliyotukuzwa katika mawaidha yetu tangu zama za Mwana Kupona, nayo ilitukuzwa kutoka upande wa mtu mzima. Riwaya imetuhamisha tukaiona kutoka chini, kwa kimo cha mtoto. Kutoka huko subira ya mama haionekani kuwa sifa. Yaonekana kuwa mlango uliofungwa. Mtoto apigwapo na kumtazama mama, mama hutazama chini; na mtoto hujifunza kwamba yaliyotokea hayasemwi. Watungaji hawa hawawalaumu mama hao, wala sisi hatuna haki ya kuwalaumu, maana nao ni wakiwa. Lakini wametuonyesha gharama ya subira hiyo, na kwamba wasiohesabiwa ndio walioilipa.

Hapana budi kukiri upungufu wa riwaya zenyewe. Zote tatu husimuliwa na mtu wa nje, anayejua yote. Mtoto hutazamwa, hata pale anapohurumiwa sana. Utoto wenyewe hupitwa upesi, na kabla msomaji hajauzoea, msichana amekwisha kuwa mwanamke na mabishano yamehamia kwenye mwili wake. Tena uhusiano wa sababu na matokeo, hasa katika Rosa Mistika, umenyoka mno: baba mkali, binti mpotevu, kifo. Maisha hayafuati kamba iliyovutwa hivyo. Wako watoto waliopigwa kwa ajili ya barua wakakua wakawa watu wenye furaha, na riwaya haikutuambia ni nini kilichowaokoa.

Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1996, Ken Walibora alipotoa Siku Njema, ili mtoto mwenyewe apewe usimulizi wa namna hiyo. Kongowea, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, afiwa na mamaye, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na aondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Huyu ni yatima na mkiwa kwa pamoja, na tofauti kubwa ni kwamba anasema "mimi." Neno hilo dogo labadili kila kitu. Anayeweza kusema "mimi nilifiwa" amekwisha kujitengenezea matanga yake, hata kama hakuna mtu aliyeketi pamoja naye.

Haya yana maana gani kwetu tunaofundisha na kuchunguza lugha? Naona mambo mawili. La kwanza ni la msamiati. Neno mkiwa lapasa kurudishwa katika uhakiki wetu, na maana yake ipambanuliwe wazi na ile ya yatima, kwa sababu bila neno hilo tunalazimika kuwaita Rosa na Maimuna wasichana waliopotoka, maana hatuna jina jingine la kuwaita. La pili ni la ufundishaji. Vitabu hivi vinapofundishwa kwa wanafunzi ambao umri wao ni ule ule wa Rosa, mwalimu huweza kuuliza, "Rosa alikosea wapi?" au aweza kuuliza, "Rosa alipoteza nini?" Swali la kwanza lina jibu katika kila methali tuliyoitaja. Swali la pili linamtaka mwanafunzi arudi kwenye barua, kwenye ngozi ya Rehema, kwenye chumba cha Tamima. Katika darasa la watoto 40 hakosi mmoja anayelijua jibu bila kulisoma kitabuni. Akiulizwa swali la kwanza, mtoto huyo atanyamaza kama alivyonyamaza nyumbani. Akiulizwa la pili, huenda asijibu siku hiyo. Lakini atakuwa amesikia kwamba jambo lake linaulizika, na kwamba lugha yake mwenyewe ina neno la kulitajia.